Nani Alisema Hayo Akiwa Amekula Kiapo? Mwongozo Kamili wa Kuyasikiliza Majumuisho ya Mawakili Ukiwa Kwenye Juri Marekani

Siku nyingi za kesi ya jinai huchosha. Shahidi anaulizwa saa aliyofika, mlango aliopitia, umbali aliosimama. Wakili ananyanyuka na pingamizi, jaji anawaita mawakili pembeni wanong'one, na wewe mjumbe wa juri, lile jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, unabaki kuhesabu taa za darini. Kisha inafika siku ya majumuisho, yaani hotuba za mwisho za mawakili. Mwendesha mashtaka anafunga kifungo cha koti, anawageukia ninyi kumi na wawili, na kwa mara ya kwanza tangu mashahidi waanze kuitwa anapatikana mtu wa kuwasimulia kesi nzima kwa mpangilio, kwa sauti iliyofanyiwa mazoezi. Ghafla kila kitu kinaeleweka. Hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na mawakili wanalijua hilo kuliko sisi.

Kabla au baada ya hotuba hizo, jaji atawasomea sentensi fupi ambayo wengi huiingiza sikio la kulia ikatokea la kushoto: wanayosema mawakili si ushahidi. Mwongozo huu ni wa sentensi hiyo, na jinsi ya kuitekeleza pale kitini. Nimemwandikia Mswahili aliyeapa uraia wa Marekani, awe Dallas, Minneapolis au Seattle, kisha akaletewa samansi ya juri. Wanaoishi Uingereza nao nimewawekea kipande chao mbele.

Kwanza, hakikisha samansi inakuhusu

Juri ni ya raia. Ukiwa na grini kadi tu, usiitupe barua. Jaza fomu, weka alama kwamba si raia, irudishe. Usithubutu kujaza kwamba ni raia kwa kuogopa kuonekana mkaidi. Kujidai raia wakati si raia ni kosa linaloweza kuja kukuharibia mambo ya uhamiaji miaka mingi baadaye. Katika mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, utahitaji pia kuwa na miaka 18, kuwa umeishi kwenye eneo la mahakama hiyo mwaka mmoja, na kukijua Kiingereza kiasi cha kufuatilia kesi. Posho ni dola 50 kwa siku. Mahakama za majimbo zina viwango vyake, na vingi ni vya kununulia chakula cha mchana.

Aliyekulia Tanzania asiifananishe juri na wazee wa baraza. Mzee wa baraza husikiliza kesi, jaji humfupishia ushahidi na sheria, naye hutoa maoni, lakini jaji hafungwi nayo. (Kenya iliuondoa utaratibu huo mwaka 2007, na Tanzania Bara tangu mwaka 2022 si lazima tena jaji kukaa nao.) Juri ya Marekani haitoi maoni, inaamua. Ikisema mshtakiwa hana hatia, anarudi kwao, na serikali haina rufaa ya kumrudisha kizimbani kwa shtaka hilo.

Pili, anza kuandika siku ya mashahidi, usingoje siku ya hotuba

Majaji wengi sasa huruhusu wajumbe kuandika. Utapewa daftari ambalo haliondoki mahakamani, na kesi ikiisha linaharibiwa. Wengi huandika kidogo wakati wa mashahidi, kisha siku ya majumuisho wanajaza kurasa, kwa kuwa siku hiyo mambo yamepangwa vizuri. Hilo ni kosa kubwa. Utaingia chumba cha mashauriano na daftari lililojaa maneno ya watu wawili ambao hawakula kiapo.

Gawa ukurasa sehemu tatu: nani kasema, kasema nini kwa maneno yake, na nini hukukielewa. Jaribu kunakili maneno yaleyale, hasa rangi, saa, umbali na yale "nadhani" na "sina uhakika" ya shahidi. Hizo "nadhani" ndizo za kwanza kupotea siku ya majumuisho.

Andika pia kila jaji anapokubali pingamizi. Likikubaliwa, swali limekufa, na kama shahidi alishajibu na jaji akaamuru jibu lifutwe, lipigie mstari na uandike "halipo". Likikataliwa, endelea kama kawaida, wala usimhesabie wakili kwamba ameshindwa jambo.

Kuna kitu kimoja kinachosemwa na mawakili ambacho ni cha kuhesabiwa: makubaliano. Pande mbili zikikubaliana kwamba jambo fulani halibishaniwi, kwa mfano kwamba unga uliopimwa ni kokeini, na jaji akawasomea, hilo mnalichukua kuwa limethibitishwa.

Tatu, jua maelekezo ya jaji yanasema nini hasa

Kila jimbo lina maelekezo yake yaliyochapwa, na majaji huyasoma karibu neno kwa neno. Ya California kwa kesi za jinai yanasema, kwa Kiswahili changu, kwamba hakuna lolote wanalosema mawakili lililo ushahidi; kwamba katika hotuba za ufunguzi na za kufunga wanaijadili kesi tu; kwamba hata maswali yao si ushahidi, ila majibu ya mashahidi ndiyo ushahidi. Mahali pengine yanaongeza kwamba wakili akiieleza sheria kinyume na alivyoieleza jaji, unamfuata jaji. Yale yanayotumika katika mahakama za shirikisho za magharibi yanakwenda hatua moja mbele: kama unavyokumbuka mambo ni tofauti na anavyoyasimulia wakili, kumbukumbu yako ndiyo inayotawala.

Kumbuka wapi mzigo umewekwa. Umewekwa kwako. Majaji wa rufaa nao wanakutegemea. Mshtakiwa akilalamika juu kwamba mwendesha mashtaka alipotosha, mara nyingi jibu huwa kwamba jaji aliwaambia wajumbe kuwa hotuba si ushahidi, nao wa rufaa wanachukulia kwamba wajumbe walitii. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wazi kwamba maneno ya mawakili huwa na uzito mdogo kuliko maelekezo ya jaji. Kwa hiyo ile sentensi uliyoipuuza ukiwaza maegesho ya gari ndiyo watakayoiegemea majaji wa rufaa, na wataamini uliisikia.

Usije ukaelewa kwamba hotuba ni upuuzi wa kuzibia masikio. Mwaka 1975, katika shauri la Herring dhidi ya New York, Mahakama hiyohiyo ilisema kumnyima mshtakiwa nafasi ya wakili wake kufanya majumuisho ni kumnyima haki ya kikatiba. Hotuba ipo ili kukuonyesha namna vipande vinavyoweza kuungana. Wakili anaruhusiwa kusema "kutokana na hili na lile, oneni kwamba…". Kuona au kutoona ni kazi yako.

Katika mahakama za shirikisho jaji anaweza kuwasomea maelekezo kabla ya hotuba, baada yake, au akagawa. Mimi napenda yakija kabla. Kwenye kesi ya Derek Chauvin, polisi aliyeshtakiwa kumuua George Floyd kule Minneapolis, Aprili 19, 2021, Jaji Peter Cahill aliyasoma kwanza, ndipo mawakili wakapewa uwanja, na utetezi peke yake ukachukua karibu saa tatu. Aliyekwisha kusikia sheria husikiliza saa tatu hizo akiwa na kipimo mkononi.

Nne, siku yenyewe: swali moja kwa kila sentensi

Mara nyingi mwendesha mashtaka huanza, utetezi hujibu, kisha mwendesha mashtaka hurudi tena. Sababu ya yeye kupewa neno la mwisho ni kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wake. Ni haki, lakini sikio la binadamu linapenda lililokuja mwisho. Dawa yake ni ndogo: hotuba ya mwisho ikiisha, kabla hamjaingia ndani, fungua ukurasa ulioandika hoja za utetezi ukazisome tena.

Wakati hotuba inaendelea, kila sentensi nzito iulize: nani alisema hayo akiwa amekula kiapo? Kama si shahidi, basi kielelezo gani? Kama si kielelezo, basi makubaliano? Usipopata jibu, weka alama ya kuuliza pembeni na uendelee.

Tuchukue kesi ya kubuni. Duka la simu limevunjwa usiku. Mlinzi wa jirani, akiwa na kiapo, alisema: "Nilimwona mtu anakimbia, kavaa jaketi la rangi ya giza, nadhani jeusi au bluu. Uso sikuuona." Polisi akasema alimkamata mshtakiwa mitaa miwili mbele akiwa na jaketi jeusi, likapokelewa kuwa kielelezo namba 4. Siku ya majumuisho mwendesha mashtaka anasema: "Mlinzi alimwona mshtakiwa akikimbia na jaketi lake jeusi, kielelezo namba 4, hili hapa!" Analinyanyua juu, na watu wote wanalitazama.

Sasa ivue sentensi hiyo. "Mlinzi alimwona mshtakiwa": hapana, alimwona mtu. "Jeusi": hapana, alisema giza, jeusi au bluu. "Kielelezo namba 4 ni jaketi la mshtakiwa": ndiyo, polisi alisema. Katika mambo matatu, moja lina kiapo, mawili yametiwa chumvi. Inawezekana kabisa kwamba aliyekimbia ndiye huyu, na mkiyaweka pamoja mtaa, saa na jaketi mnaweza kufika huko wenyewe. Lakini mtafika kwa miguu yenu, hamtabebwa.

Upande wa pili nao hupikwa chungu hichohicho. Wakili wa utetezi anasimama: "Mlinzi huyu alikuwa amesinzia!" Unarudi kwenye daftari. Wakati wa maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, wakili aliuliza, "Si kweli kwamba ulikuwa umesinzia?" Mlinzi akajibu, "Hapana." Basi. Usingizi ulikuwa ndani ya swali, na swali si ushahidi. Ni ajabu jinsi swali lililoulizwa kwa ukali linavyobaki kichwani kama jambo lililothibitishwa, huku jibu lake la neno moja likiyeyuka.

Kesi maarufu kuliko zote kwa somo hili ni ya O. J. Simpson, mchezaji mashuhuri wa zamani aliyeshtakiwa kwa mauaji, Los Angeles, mwaka 1995. Mwezi wa Juni, mwendesha mashtaka Christopher Darden alimtaka mshtakiwa avae mbele ya juri glavu zilizohusishwa na mauaji. Akazivaa juu ya glavu nyingine nyembamba za mpira, zikaonekana kumbana. Waliyoyaona wajumbe siku ile yalikuwa sehemu ya kesi, kwa hiyo walikuwa na haki ya kuyapima. Upande wa mashtaka ukaleta mtaalamu wa glavu aliyeeleza kwamba ngozi ilikuwa imesinyaa. Huo nao ni ushahidi. Septemba, wakili wa utetezi Johnnie Cochran akawaambia wajumbe kwa vina na mizani kwamba ikiwa glavu haimkai, basi ni lazima wamwachie. Kwa Kiingereza ule usemi una vina, na vina hukaa kichwani miaka. Hata leo watu wasiojua jina la shahidi hata mmoja wa kesi ile wanaujua. Lakini ule wimbo haukuwa na kiapo. Mjumbe aliyekuwa akifanya kazi yake alitakiwa auweke kando, kisha aweke mkono uliobanwa upande mmoja, ngozi iliyosinyaa na glavu ya mpira iliyovaliwa ndani upande wa pili, apime. Sisemi walikosea kumwachia. Kulikuwa na mengi mengine ya kutilia shaka katika kesi ile. Nasema vina na mizani visiingie kwenye mzani.

Katika kesi ya Chauvin aliyevuma ni upande wa mashtaka. Daktari aliyeufanyia uchunguzi mwili wa George Floyd alikuwa ametoa ushahidi kuhusu ugonjwa wa moyo, nao utetezi ukaushikilia. Mwendesha mashtaka Jerry Blackwell, katika maneno ya mwisho kabisa, akasema wameambiwa kwamba Floyd alikufa kwa sababu moyo wake ulikuwa mkubwa mno, ilhali ukweli ni kwamba alikufa kwa sababu moyo wa Chauvin ulikuwa mdogo mno. Sentensi nzuri sana, hata mimi nikiikumbuka nywele husimama. Nusu ya kwanza ina daktari nyuma yake. Nusu ya pili haina mtu. Hukumu ya hatia ilihitaji kusimama juu ya video, madaktari na mashahidi waliokuwa kando ya barabara, na hao walikuwepo tele.

Tano, zitambue ngumi haramu

Mwaka 1935, katika shauri la Berger, Mahakama ya Juu ilisema mwendesha mashtaka anaweza kupiga ngumi nzito, ila hana ruhusa ya kupiga ngumi haramu. Wakili wa upande wa pili akiwahi, ataweka pingamizi na jaji atawaambia msilizingatie neno hilo. Mara nyingi hawahi, au anaogopa kulikuza jambo mbele yenu. Kwa hiyo ukimya wa wakili usiuchukulie kuwa kibali.

Ngumi ya kwanza ni kumsema mshtakiwa kwa kunyamaza. "Mbona hakupanda kizimbani atueleze alikuwa wapi?" Tangu shauri la Griffin dhidi ya California, mwaka 1965, hilo ni marufuku. Kwetu mtu akinyamaza tunasema kimya ni jibu, na mila hiyo inaweza kukuponza. Ndani ya juri kimya si jibu. Hata kukijadili mezani hamruhusiwi.

Nyingine ni wakili kujiweka mwenyewe kuwa shahidi: "Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini, nawahakikishia huyu ni mwongo." Uhakika wake si kitu. Kadhalika "jiwekeni mahali pa marehemu", "mkimwachia mtaa wenu hautalalika", na "tumeni ujumbe kwa wahalifu". Juri haitumi ujumbe kwa mtu yeyote. Inajibu kama shtaka hili limethibitishwa dhidi ya mtu huyu.

Ipo pia ya kuhamisha mzigo: "utetezi hawakuleta hata shahidi mmoja." Mshtakiwa halazimiki kuleta chochote. Anaweza kukaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho na bado akashinda, kama upande wa mashtaka haukufikisha.

Na matusi. Katika shauri la Darden (si yule wa kesi ya Simpson) dhidi ya Wainwright, lililoamuliwa mwaka 1986, mwendesha mashtaka alikuwa amemwita mshtakiwa mnyama, na kusema asitolewe selo ila akiwa na kamba shingoni. Mahakama ya Juu ililaani maneno hayo, halafu, kwa kura 5 kwa 4, ikasema kesi kwa ujumla wake haikuwa ya dhuluma. Hukumu ikabaki. Ndiyo maana nasisitiza: usitegemee kwamba kuna mtu huko juu atakayeisafisha hotuba. Yupo wa kuisafisha, naye amekaa kitini kwako na daftari.

Sita, sheria ichukue kwa jaji, hasa hapa

Shtaka la jinai linatakiwa kuthibitishwa bila kuacha shaka ya msingi. Maelekezo ya California yanasema ni uthibitisho unaokuacha na imani ya kudumu kwamba shtaka ni la kweli, na kwamba hautakiwi kuondoa kila shaka iwezekanayo, kwa kuwa kila kitu duniani kinaweza kutiliwa shaka ya kufikirika. Mawakili hawaipendi kanuni hiyo ilivyo. Mwendesha mashtaka huishusha iwe kiunzi kidogo cha kuruka, utetezi huipandisha iwe Kilimanjaro.

Wanaoishusha wanapenda picha. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya California ilikemea onyesho la kompyuta lililokuwa na vipande vya sanamu ya New York, ile ya mwanamke mwenye mwenge. Vipande vikaja kimoja kimoja, na vikiwa vimepungua viwili kila mtu alikuwa ameshaitambua. Miaka mitano baadaye, mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilitengua hatia katika shauri ambalo mwendesha mashtaka alionyesha ramani ya umbo la California, akawaambia wajumbe wafikirie mashahidi wanaotoa maelezo yenye makosa na mapengo, bado wangejua kwamba ni California. Majaji wakasema hapana. Ramani ile wajumbe waliitambua kwa sababu waliijua tangu utotoni, si kwa sababu ya ushahidi. Hakuna mtu anayelijua tukio la jinai tangu utotoni. Wakili wa utetezi alikuwa amekaa bila kupinga, na majaji walihesabu huko nako kuwa ni kumwangusha mteja wake.

Kwa hiyo ukiona fumbo la vipande, mizani ya dukani, ngazi yenye vidato au mfano wa kununua nyumba, jua unauziwa tafsiri. Rudi kwenye karatasi ya jaji. Mahakama nyingi huwapa wajumbe nakala ya maelekezo waingie nayo ndani, isipokuwepo, iombeni.

Na adhabu? Mara nyingi si kazi yenu, na jaji atawaambia msiiwaze. Wakili akikutonesha kwamba kijana huyu ataozea jela, amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Saba, mtego wetu sisi: shahidi anaposema Kiswahili

Hili linawahusu Waswahili hasa, nalo halina mwenzake kwa ugumu. Shahidi anatoa ushahidi kwa Kiswahili, mkalimani anatafsiri, na wewe unasikia vyote viwili. Maelekezo ya jaji yanasema ushahidi ni tafsiri ya mkalimani, hata kama lugha unaijua. Mahakama ya Juu iliruhusu mwaka 1991 mwendesha mashtaka kuwaondoa kwenye juri watu wanaojua lugha ya shahidi, pale anapotilia shaka kwamba watamfuata mkalimani. Kwa hiyo ukiulizwa siku ya kuchaguliwa, jibu kweli.

Tuseme shahidi anasimulia kwamba mshtakiwa alimwambia, "Utanitambua!" Mkalimani akaitafsiri neno kwa neno, kana kwamba mshtakiwa alikuwa anazungumzia sura yake kukumbukwa. Wewe unajua hicho ni kitisho. Siku ya majumuisho utetezi unasema, "Alichosema ni kwamba atatambulika. Kitisho kiko wapi?" Wamarekani kumi na mmoja wanaitikia kwa kichwa.

Usiwaeleze wenzako ndani ya chumba. Ukifanya hivyo umekuwa shahidi asiyeapa, na asiyeulizwa maswali ya dodoso. Andika kikaratasi papo hapo, siku ya ushahidi, umpe askari wa mahakama ampelekee jaji: "Naamini neno fulani halikutafsiriwa sawasawa." Jaji atawasikia mawakili na mkalimani, na kama ni kosa, litasahihishwa mbele ya watu wote. Ukigundua kwa kuchelewa, peleka hivyohivyo. Jaji akisema tafsiri ibaki ilivyo, ibaki.

Nane, ndani ya chumba

Simu huzimwa au huchukuliwa. Kundi la WhatsApp la ukoo halitakiwi kujua hata ni kesi ya nini, na ramani ya mtaa usiifungue kwenye simu usiku.

Mkikaa, msianze kwa kura. Anzeni na karatasi ya jaji: shtaka lina vipengele vingapi? Kila kipengele kiandikieni mashahidi na vielelezo vyake. Mtu akisema "lakini yule wakili alisema…", muulizeni kwa upole: shahidi yupi? Mtaona nusu ya mabishano yanaisha hapo. Msipokubaliana shahidi alisema nini, mwandikieni jaji kuomba sehemu hiyo isomwe upya kutoka kumbukumbu za mahakama. Ombeni maneno ya shahidi, msiombe hotuba. Kikaratasi kitiwe sahihi na mwenyekiti wa juri, na kisitaje mmegawanyika kwa kura ngapi.

Tumekuzwa kutombishia mkubwa hadharani. Ndani ya juri kuna mzee mwenye mvi anayesema kwa kujiamini, na wewe lafudhi yako inakutia haya. Kura zenu ni sawa. Tangu mwaka 2020, kwa shauri la Ramos dhidi ya Louisiana, juri haimpati mtu na hatia ya kosa zito popote Marekani bila wote kukubaliana. Mkikwama jaji anaweza kuwasihi mrudi mkajaribu tena; mruhusu mwenzako akubadilishe kwa ushahidi, ila usibadilike ili uwahi basi.

Kwa walioko Uingereza

Huko, nasema England na Wales, si lazima uwe raia wa Uingereza. Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi, yaani Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda, anaweza kuwa kwenye daftari la wapiga kura, na juri huchaguliwa humo: umri miaka 18 hadi 75, uwe umeishi huko angalau miaka mitano tangu ulipofikisha 13. Utetezi ndio unaozungumza mwisho, kisha jaji anafupisha sheria na ushahidi pia, na mara nyingi huwapa maswali ya maandishi ya kufuata hatua kwa hatua. Akidokeza maoni yake juu ya ushahidi, hamfungwi nayo. Juu ya sheria mnafungwa. Jaji akishaona muda umepita vya kutosha anaweza kupokea uamuzi wa watu 11 au 10 kati ya 12. Na yaliyosemwa ndani ya chumba yabaki humo maisha yako yote, kuyatoa ni kosa la jinai.

Tisa, uamuzi

Mwenyekiti hujaza fomu, mnarudi ukumbini, karani anasoma. Upande wowote ukitaka, kila mjumbe huulizwa peke yake: huu ndio uamuzi wako? Mshtakiwa atakuwa anakutazama. Mawakili wote wawili nao watakuwa wanakutazama, na safari hii wao ndio wamenyamaza. Utajibu ndiyo au hapana kwa sauti ya kusikika, utaacha daftari juu ya kiti, na askari atapita kuyakusanya.